Siku Mtani Alipokuwa na Adabu

Katika daftari langu, siku ile niliandika mstari mmoja tu: "Leo mimi na wifi tumemharibia mama chakula, kwa nia njema." Kesho yake niliposoma nikaona nimejipendelea, nikafuta "kwa nia njema". Siku ya tatu nikayarudisha maneno hayo kwa kalamu nyingine, maana kuyafuta nako kulikuwa kumsingizia wifi, ambaye nia yake sikuiona kwa macho. Ndiyo maana mstari ule una rangi mbili mpaka leo. Mimi niliishia darasa la saba, na kuandika jambo likakaa sawa mara ya kwanza sijawahi. Hapa najaribu tena, kwa urefu.

Mama ni mjane. Anakaa Mtanda, hapa Lindi mjini, katika nyumba yenye ua na jiko la bati nyuma. Mimi nakaa nyumba ya nne kutoka kwake. Mtu akiuliza njia ya kwetu haelekezwi kwa jina la marehemu baba, anaambiwa, "Kwa yule mama wa wali wa nazi." Kwa miaka yote ninayoikumbuka, ndugu wakikusanyika, sufuria kubwa ni la mama, na mwiko hauguswi na mtu mwingine. Sisi wengine tunakuna, tunatwanga, tunachambua, tunanyamaza.

Kabla ya Ramadhani alishikwa na homa na mafua, akalala wiki mbili. Alipoinuka alikuwa amepona kila kitu isipokuwa pua. Pua ilipokwenda ilifuatana na ulimi. Hakumwambia mtu. Mimi niligundua siku aliponipa mchuzi wa bamia uliokuwa na chumvi ya kutosha kumkaushia papa. Akaniuliza, "Vipi?" Nikasema, "Mtamu, mama." Nikamaliza bakuli, nikarudi kwangu nikanywa maji mpaka tumbo likalia. Huo ndio uongo wa kwanza katika habari hii, na ni wangu.

Halafu katikati ya mwezi wa kufunga zikaungua kunde. Mama alikuwa ukumbini juu ya mswala, hatua nane kutoka jikoni, na kunde zikawa mkaa, na moshi ukatoka hadi barabarani, yeye yuko anavuta tasbihi kwa utulivu. Jirani ndiye aliyeingia mbio na ndoo. Siku hiyohiyo kaka yangu mkubwa, anayekaa Dar es Salaam, akapigiwa simu, si na mimi.

Kaka alipokuja kwa Idi alikuwa ameshaamua. "Mama, chumba kipo. Tukimaliza sikukuu tunaondoka wote. Utapumzika."

"Nimechoka na nini?"

"Mama, mtu asiyesikia harufu ya moto hawezi kukaa peke yake na mkaa. Siku moja tutausikia sisi, tuko mbali."

Ni haki nimwandikie kaka neno hili kama alivyolisema, maana lilikuwa kweli, na mimi niliyekuwa upande wa mama sikuwa na la kulijibu. Mama alikuwa nalo. "Nasikia harufu kuliko wewe," akasema, na huo ukawa uongo wa pili. "Nafunga sita zangu za Shawali kwanza. Siku ya mwisho ya sita nitawafuturisha nyote, ndugu wote, na wa Kiranjeranje waje. Nitapika mwenyewe. Chakula kikiwa kibaya, nitalipanda basi kwa miguu yangu, huna haja ya kunibeba. Kikiwa kizuri, hicho chumba mpangishe mtu."

Kaka akacheka, akakubali. Alikuwa na uhakika na kunde zake.

Basi mimi nikawaza. Watu ishirini na wawili, mchele kilo tano, na mpishi asiyejua chumvi na sukari ipi ni ipi mpaka aone kopo. Kumwambia mama "niachie nipike" ni kumwambia najua. Kukaa kimya ni kumpandisha basi. Siku yenyewe nikafika kwake alfajiri, yeye yuko kwenye sala, nikaingia jikoni na kuchukua kopo la chumvi. Ni kopo la zamani la maziwa, lina mfuniko, anachota humo kwa kiganja. Nilipiga hesabu hivi: mama siku hizi anatia chumvi mara nne ya inavyotakiwa. Kwa hiyo nikipunguza chumvi ya koponi ikabaki robo, na robo tatu iwe kitu cheupe kisicho na madhara, mkono wake utatia nyingi na chakula kitapata ya kiasi. Nikachanganya na unga wa mchele, nikatikisa. Huwezi kutofautisha. Nilijisifu sana. Tangu nizaliwe sikuwahi kufanya jambo lenye hesabu likaniridhisha vile. Nikaacha mfuko wa unga mezani, mdomo wazi, nikatoka kwenda kufagia ua.

Kuanzia saa tatu jiko likajaa. Ndugu wa Kiranjeranje walikuja na kuku sita, korosho mbichi zilizobanguliwa, na fungu la ming'oko, vile viazi vya porini, kwa ajili ya watoto. Kuku wangepikwa kwa tui la korosho. Samaki, changu wakubwa, kwa tui la nazi. Kisamvu kilishatwangwa jana yake. Mama alikaa juu ya kigoda katikati, mwiko magotini, akitoa amri kama askari wa barabarani.

"Wewe, nazi hizo unazikuna au unazibembeleza?"

"Nakuna, mama."

"Mbona naona ganda? Nani atakula ganda?"

Macho yake yalikuwa mazima kabisa, na siku ile yalifanya kazi ya pua na ya ulimi. Aliangalia kitunguu rangi, akakisikiliza kikilia kwenye mafuta, akasema, "Tayari, tia thomu." Na kweli kilikuwa tayari. Nikaliona hilo. Nalisema kwa sababu baadaye lingenisaidia, kama ningekuwa na akili ya kulitumia.

Wifi, mke wa kaka, alikaa pembeni anamenya viazi. Kwao ni milimani, Kilwa ya ndani, kwa Wamatumbi, nao ni Wakatoliki. Alipoolewa na kaka aliendelea na dini yake na sisi na yetu, na kuhusu hilo sijawahi kusikia ugomvi. Naitaja dini yake kwa sababu inaingia katika kosa. Jikoni mle wanawake wote tulikuwa tumefunga isipokuwa yeye. Ulimi uliokuwa huru ulikuwa mmoja tu, wake.

Najua kuonja kunafaa kwa mfungaji, ncha ya ulimi halafu unatema. Tulifundishwa. Lakini ncha ya ulimi wangu mimi haijui kusimama, na niliogopa kumeza. Mama yeye alishatangaza mapema, "Mimi funga ya mwisho siiharibu kwa ajili ya mchuzi. Sionji." Nikaona ucha Mungu. Sikuona kitu kingine.

Kwa hiyo kila sufuria lilipofika pa kuonjwa, nilimwangalia wifi. Naye alichota kwa upawa, akageuka ukutani kidogo, akarudi akasema, "Safi." Mara nne. Wali, safi. Kuku, safi. Samaki, safi. Kisamvu, safi sana. Mimi moyo ukatulia: unga wangu umefanya kazi.

Alasiri akapita mtani.

Huyu ni mtoto wa shangazi yake mama, mzaliwa wa Miteja, fundi cherehani, kibanda chake kiko mtaa wa pili. Kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani, na utani wao hauna likizo. Mimi namwita mjomba na kumwamkia kwa heshima zote. Mama anamwita majina ambayo siwezi kuyaandika. Yeye humwita mama "mke wangu", kwa kuwa kwa desturi angeweza kumwoa, na kila mwaka hushukuru hadharani kwamba aliponea chupuchupu. Chakula cha mama hajawahi kukisifu hata siku moja. Miaka yote huja na kipande cha muhogo wa kuchemsha kwenye mfuko wa kanzu, kimefungwa gazetini, hukiweka kando ya sinia, na kusema ni akiba, maana ana wajukuu wanaomtegemea. Halafu hula kuliko wote.

"Shikamoo mjomba," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Poleni kwa msiba."

"Msiba gani?"

"Hao kuku." Akachungulia jikoni. "Mke wangu, uliwaambia wamekosa nini kabla hujawafanyia hivi?"

"Toka hapo mlangoni, unanizibia mwanga," mama akasema. "Kichwa kikubwa kama mtungi, ndani hamna hata maji."

"Nimekuja kuangalia kama umepona. Naona hujapona, unapika."

"Na muhogo wako umebeba?"

Akapiga mfuko wa kanzu. "Huu ndio ulionifikisha umri huu."

Mama alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Tangu kunde ziungue sikuwa nimemwona akicheka hivyo. Alipoondoka yule mzee, mama akavuta kopo, akatia kiganja kimoja zaidi kwenye samaki, bila hata kuangalia, kwa furaha. Nikasema moyoni: tia mama, tia, ni unga.

Magharibi ilipoadhiniwa tulifuturu kwa tende na uji wa pilipili manga, na uji una sukari, kwa hiyo hapo hakuna aliyeshtuka. Watu wakasali. Tukatandika mikeka miwili uani, wanaume huku, wanawake kule, na kati yake nafasi ya kupitisha masinia. Mtani alikaa mwisho wa mkeka wa wanaume, akielekeana na mama mwanzo wa mkeka wetu, kama kawaida yao, ili matusi yasipate tabu ya safari. Akatoa muhogo wake wa gazetini, akauweka kando ya sinia. Watu wakacheka. Kaka alikaa wima kama msimamizi wa mtihani.

Bismillah. Nikatia tonge mdomoni.

Hamna. Sisemi chumvi ilikuwa kidogo. Hamna kabisa. Wali ulikuwa umeshikana kama bokoboko, na ladha yake ilikuwa ya kitambaa kilicholowa tui. Nikajaribu samaki. Mchuzi ulikuwa mzito, unang'ang'ania vidole, na samaki alikuwa kama hajawahi kufika baharini. Nikainua macho nikakuta wifi ananiangalia, tonge limemsimama shavuni. Alinyanyua nyusi kuniuliza. Nikanyanyua za kwangu kumuuliza yeye.

Nikamsogelea, nikanong'ona. "Si ulionja?"

"Nionje nini? Nyie mmefunga, mimi nile mbele yenu? Nina adabu."

"Mbona ulikuwa unasema safi?"

"Nilikuwa nakuangalia usoni, naona umeridhika. Nikajua wewe umeshaonja kwa ncha ya ulimi."

"Na chumvi yote imekwenda wapi? Robo niliiacha."

Hapo akaacha kutafuna. "Robo ya nini?"

Ndipo nikajua. Naye alikuwa anajua habari ya pua ya mama, tangu siku ya pili ya Idi, mama alipotia chai yake chumvi akainywa yote. Saa nne asubuhi, mama alipotoka kuchukua maji na sisi wengine tuko uani tunanyonyoa kuku, wifi akaona kopo la chumvi, akaona na mfuko wa unga wa mchele uko mdomo wazi kama umeachwa kwa ajili yake. Akamwaga kopo lote kwenye gazeti, akajaza unga mtupu, akaahidi moyoni kwamba chumvi ataitia yeye mwenyewe kwa siri. Baadaye, aliponiona nimeridhika, akadhani nimeshaitia mimi.

Kwa nini alifanya hivyo, sikumuuliza siku ile. Inawezekana alimtakia mama asishindwe. Inawezekana pia kwamba chumba kile cha Dar kiko karibu na jiko lake, na hakutaka amri za kigodani kila siku. Ninayaandika yote mawili, na hata yakiwa yote mawili kwa pamoja, simlaumu.

Mtoto mmoja wa kaka akaanza, "Bibi, mbona chakula..." Nikamfinya paja. Hilo nalo ni langu. Kwenye mkeka wa wanaume watu walikuwa wanatafuna kwa wajibu. Ndugu wa Kiranjeranje walikuwa wanaangalia mbele, kama watu walio kwenye foleni. Kaka alimeza, akaweka mkono gotini. Mama alikuwa anakula vizuri tu, tonge baada ya tonge, huku macho yake yako kwa mtani. Anasubiri. Kila mwaka tonge la tatu ndilo la matusi.

Mtani akala tonge la tatu. Akaliangalia sinia. Akamwangalia kaka, akamwangalia mama. Alikuwa amesikia, kama mtaa wote ulivyosikia, kwamba chakula hiki ndicho basi au si basi. Nikauona mkono wake ukienda polepole kwenye muhogo, ukauchukua, ukaurudisha kwenye mfuko wa kanzu, kimyakimya.

"Ahsante sana, dada," akasema. "Chakula kizuri. Mwenyezi Mungu akuzidishie afya."

Mkono wa mama ukasimama hewani.

"Umeniita nani?"

"Nasema chakula kizuri, dada."

"Dada?"

Mama akalirudisha tonge kwenye sinia, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Miaka yote nimepika vizuri hujasema kizuri. Leo kizuri. Na muhogo wako umeuficha, nimekuona. Nimekuwa maiti, unaniombea?"

"Hapana, mimi..."

"Mtani hamstahi mtani mpaka awe amekufa au anakufa. Mimi ni yupi?"

Mzee wa watu alikosa la kusema. Ni mara ya kwanza kumwona amekosa, na sikufurahi. Mama akageuka kwa kaka. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa mtu aliyeshika kitu kwa muda mrefu na mkono umechoka.

"Mkono wangu umenidanganya," akasema. "Basi sawa, mwanangu. Basi linaondoka saa ngapi?"

Hapa ndipo ninapojitilia shaka zaidi. Ningependa kuandika kwamba nilisimama mara moja. Sikusimama mara moja. Nilitafuna kwanza, tonge lisilo na kitu, na nikafikiria kama kuna njia ya kusema bila kuonekana mjinga mbele ya watu wa Kiranjeranje. Haikuwepo. Wifi alinisukuma kwa kiwiko, au mimi ndiye nilimsukuma, kila mmoja ana habari yake. Nikainuka, nikaenda jikoni, nikaleta kopo, nikaliweka mbele ya mama na kulifunua.

"Onja, mama. Au usionje. Shika."

Mama akatia vidole, akasugua. Akasugua tena. Chumvi ina mchanga wake, na unga una ulaini wake, na kwa hilo hakuhitaji ulimi. Angeisugua mapema angejua, lakini nani anayesugua chumvi ya kopo lake mwenyewe?

"Unga wa mchele," akasema.

"Robo tatu niliweka mimi alfajiri," nikasema. "Nilijua huonji chumvi, nikaogopa utatia nyingi."

"Na robo iliyobaki nilimwaga mimi," wifi akasema kutoka nyuma yangu, sauti ndogo. "Nikajaza unga, mama. Nilikuwa sijui kwamba mwenzangu ameshaanza."

Mama alituangalia mmoja mmoja. "Ninyi mnadhani mimi ni mjinga? Nimepoteza ulimi, nikapoteza na akili? Ule mchuzi wa bamia nilijua nimekosea, nilikufuata nyuma nikakuona kwa dirisha lako unavyokunywa maji. Tangu siku hiyo napima. Mchele kilo moja, nusu kiganja. Miaka arobaini mkono huu umetia chumvi, hauhitaji kuuliza mdomo. Na ni kwa nini mnafikiri nilichagua siku ya kufunga? Ili asitokee mtu wa kuniambia, 'Mama, onja.'"

"Na kile kiganja cha alasiri, kwenye samaki?" nikauliza, maana haki ni haki.

Akafikiri. "Kile kilikuwa cha kucheka," akakiri. "Hao samaki wangezidi chumvi kidogo. Andika hivyo kwenye hilo daftari lako."

Nimeandika.

Hapo mtani akapata roho yake. Nilimwona akiipata, kama mtu anayehangaika kuvaa kanzu na hatimaye kukuta tundu la mkono. Akautoa muhogo, akalifungua gazeti, akaunyanyua juu watu wauone.

"Jamani, mimi nilishaanza kuandika wosia! Nilipotia mdomoni wali ule nikadhani nimekufa mimi, maana nimesikia huko ahera hakuna chumvi. Mke wangu, chakula hiki umekipika au umekifua? Samaki huyu alikufa mara ya pili, kwa huzuni! Ndugu zangu wa Kiranjeranje, mmetoka kwenu na kuku wazima, mngewaacha tu, wangefia njiani kwa heshima..."

"Endelea," mama akasema. Alikuwa amefumba macho kama mtu anayekandwa mgongo.

"Na hao mabinti zako wawili, mmoja anatoa, mwingine anamwaga! Ukiwatuma kuzima moto watakuletea kila mmoja kuni!"

Watu wakaangua kicheko, hata kaka, ambaye aliinama akajificha kwenye kikombe cha maji. Mama akaunyoosha mkono akanyang'anya ule muhogo, akaumega vipande, akaupitisha kwenye mikeka yote miwili. Ni kweli tupu kwamba ndicho kitu pekee kilichokuwa na chumvi katika karamu ile. Nilipata kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Halafu wifi akaleta ile chumvi aliyoihifadhi kwenye gazeti, unga wangu ukiwa humohumo, ikazunguka kwenye visosi, kila mtu akajitilia, na watu wakala wakashiba. Walichoacha kilikuwa kidogo.

Kaka hakuwa mtu wa kusahau. Masinia yalipotolewa akasema, "Chakula hakiwezi kuhukumiwa, mashahidi wamekiharibu. Lakini kunde je, mama?"

Na mama, ambaye tangu homa hakuwa amekubali, akakubali. "Kunde, kweli. Sikusikia."

"Basi?"

"Basi huyu hapa," akamwonyesha mtani kwa kidole. "Amevunja utani mbele ya watu. Ameniita dada. Ana faini."

Wazee wa Kiranjeranje wakasema ndiyo, faini ipo, kumstahi mtani hadharani ni kosa, na adhabu anataja aliyekosewa. Mtani akalalamika kwamba alifanya kwa huruma. Wakamwambia huruma ndiyo inayozidisha kosa.

"Pua anayo?" mama akauliza. "Anayo, tena kubwa. Ulimi anao, hilo mnalijua. Kila nikiwasha mkaa, kibanda chake akihamishie barazani kwangu, cherehani na vitambaa vyake vyote. Akisikia moshi apige kelele, kelele anaziweza. Na kila Ijumaa anikunie nazi."

"Nikune nazi? Mimi? Nikae juu ya mbuzi kama mwali?"

"Kama mwali."

Kaka alimwangalia mzee yule, akaniangalia mimi wa nyumba ya nne, akafikiri. Alisema atajaribu mpaka Idi kubwa, na kama kitaungua kitu kingine hataki kusikia habari ya watani. Nadhani hilo lilikuwa neno la haki. Wifi alipoaga alimkumbatia mama muda mrefu, na usoni alikuwa na furaha, ile furaha ambayo, kama nia yake, sina hakika nayo.

Ijumaa ya kwanza nilikwenda kuangalia. Mtani alikuwa amekaa juu ya mbuzi uani, kanzu ameikusanya mapajani, anakuna nazi na kulaani kila ganda. Mama alipima chumvi, nusu kiganja kwa kila kilo, akakoroga, akamletea upawa mdomoni bila kusema neno.

Akaonja. Akafumba jicho moja. Akatema mate pembeni kwa kishindo.

"Mke wangu, hii ni ya kupakia kidonda cha punda."

Mimi nikaonja baada yake. Chumvi ilikuwa sawasawa kabisa, wala kuzidi wala kupungua. Nilitaka kumwambia mama hivyo, lakini alishageuka, ameridhika, anafunika sufuria na kulipalia makaa juu ya mfuniko.